Simbilisi wa mwanangu wametoka choa, na mtoto naye ameambukizwa. Niwatupe?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Njombe, na huku mwezi huu wa saba baridi unaijua mwenyewe. Nina jambo la wanyama, lakini limeshakuwa jambo la ndoa na la watoto, ndiyo maana nimeona nikuletee wewe.

Mwanangu wa kwanza ana miaka minane. Wakati wa Pasaka babu yake alimpa simbilisi wawili, jike na dume. Kwetu, Shangazi, simbilisi ni kitoweo, wanakaa jikoni pembeni ya kuni, wageni wakija wanachinjwa. Lakini hawa wawili mtoto aliwapa majina kabla hatujashuka kwenye basi: mweupe ni Pamba, wa kahawia ni Karanga. Mnyama akishapewa jina na mtoto, nani tena atamtia kisu? Baba yao akawachongea sanduku la mbao, tukaliweka kona ya jikoni penye joto. Mtoto akitoka shule, kabla hajavua viatu, anakwenda kuwasalimia.

Mwezi wa tano nilipita gulioni nikaona jike jeusi, zuri, bei rahisi. Nikamchukua, tukamwita Chausiku. Nilimtia sanduku moja na wenzake siku hiyo hiyo. Kama wiki mbili baadaye nikaona puani pake pana vumbi jeupe, nikadhani ni pumba. Nikalifuta, likarudi. Manyoya yakaanza kukatika, pakabaki duara lenye magamba, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Haikupita muda Karanga akatokewa karibu na jicho, Pamba naye nyuma ya sikio.

Nilikwenda duka la dawa za watu, nikaeleza. Nikapewa tyubu, nikaambiwa hiyo inatibu fangasi, bakteria na muwasho, vyote kwa mpigo. Nikapaka. Shangazi, siku ya tatu wekundu ukaisha kabisa, nikamshukuru Mungu! Wiki ilipokwisha nikaacha. Siku chache tu, ugonjwa ukarudi mara mbili ya mwanzo, sasa Chausiku ana mabaka mpaka mgongoni.

Toka hapo kila mtu ana dawa yake. Jirani anasema nipake maji ya betri, eti alitibu mbuzi wake hivyo. Mama mkwe anasema mafuta ya taa na majivu. Duka la dawa za mifugo walitaka kuwachoma sindano mbili, ya penisilini na ile ya mbuzi ya kuua wadudu. Nilipoiona ile sindano na nikamwangalia Pamba nilivyomshika mkononi, nikakataa, nikarudi naye nyumbani.

Wiki iliyopita, nikimwogesha mtoto, nikaona duara jekundu kwenye mkono wake wa kushoto, ndani, pale pale anapomlaza Chausiku akifanya kazi za shule. Jana nimeona la pili shingoni. Baba yake amesema mwisho wa mwezi hataki kuona simbilisi ndani ya nyumba, wachinjwe au watupwe. Mtoto amelia mpaka ameshikwa na homa. Na mimi simlaumu mume wangu, kwa sababu tuna binti wa miezi tisa anayetambaa jikoni humo humo.

Tena nadhani Chausiku ana mimba. Tumbo limekuwa kama embe, nikimshika nasikia kitu kinacheza.

Nisaidie, Shangazi. Wanatibika nyumbani? Mbona ile dawa ilifanya kazi kisha ikanigeuka? Na huyu mtoto mchanga nimfanyeje?

Mama Mwenye Mashaka, Njombe

*

Marahaba, mwanangu.

Usiwatupe, wala usiwachinje. Ugonjwa huu unatibika, na sehemu kubwa ya tiba ni ya nyumbani, kwa mikono yako mwenyewe. Ila hautibiki kwa wiki moja, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Jipange kwa wiki sita.

Nianze na baba watoto, maana naona ndiye mwenye saa mkononi. Hofu yake ni ya haki, ana mtoto anayetambaa. Lakini mwambie hivi, kwa upole: choa ni fangasi, na fangasi hutoa vijimbegu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyokaa kwenye manyoya yaliyodondoka, kwenye mbao, kwenye nyasi kavu, kwenye kanga unayojifunga ukiwahudumia. Vinaweza kuishi hivyo miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Kwa hiyo akiwatupa simbilisi leo, ugonjwa haujatoka na wao. Umebaki jikoni na umebaki mkononi mwa mtoto. Kazi ya kusafisha nyumba na kumtibu mtoto ataifanya vile vile, wawepo wasiwepo. Na akiwapeleka gulioni, anamuuzia mama mwingine shida hii hii. Bila shaka ndivyo Chausiku alivyofika kwako.

Sasa hiyo tyubu. Niliposoma barua yako niliumia, kwa sababu naliona kosa hili kila mara, na huwa si kosa la mama anayepaka. Zile krimu za "vyote kwa mpigo" huwa zina dawa ya fangasi, dawa ya bakteria, na ndani yake steroidi, mara nyingi betamethasoni. Steroidi ndiyo iliyoondoa wekundu siku ya tatu. Haikuua fangasi. Ilichofanya ni kuituliza ngozi na kuilaza kinga yake, na fangasi akapata nafasi ya kutambaa bila mtu kuuona moto wake. Ulipoacha, kinga ikaamka, ikamkuta adui ameshafika mgongoni. Zaidi ya hapo, simbilisi hujilamba, na wakikaa pamoja wanalambana, kwa hiyo dawa uliyompaka Chausiku mgongoni imeingia mpaka tumboni mwake. Tyubu hiyo iweke kando. Usimpake mnyama, na usimpake mtoto hata kidogo, maana kwa ngozi ya binadamu inafanya mchezo ule ule.

Kabla hujanunua nyingine, tuhakikishe kwanza kwamba ni choa. Uliyonieleza yanafanana nacho sana: kuanzia puani, kisha kuzunguka macho na masikio, halafu mgongoni, duara la upara lenye magamba meupe, mnyama mgeni kuja nacho, na binadamu kutokewa na duara pale pale anapogusana na mnyama. Hilo la mkono wa mtoto ndilo ushahidi mkubwa kuliko yote. Lakini yako mengine yanayokatisha manyoya. Utitiri wa upele ndio unaochanganywa sana na choa. Wenyewe huwasha kupita kiasi, mnyama anajikuna mpaka anatoka damu, wengine hupata degedege ukiwagusa tu mgongo. Choa huwasha kidogo, au hakiwashi kabisa. Chawa utawaona ukipanua manyoya kwenye mwanga, wanatembea. Jike mwenye mimba kubwa naye hupungukiwa manyoya mbavuni, sawasawa pande zote mbili, lakini ngozi yake huwa safi, haina magamba. Na wapo wanaotafunana manyoya wakibanana sandukuni. Hapo utaona yamekatwa kama kwa mkasi.

Ukitaka uhakika kamili, ng'oa vinyweleo vichache kwenye ukingo wa baka, pale ugonjwa unapopakana na ngozi nzima, pamoja na magamba kidogo. Vitie kwenye bahasha safi ya karatasi, usitumie mfuko wa plastiki kwa sababu unatunza unyevu na sampuli inaoza. Daktari wa mifugo wa wilaya anaweza kukuelekeza namna ya kuifikisha maabara. Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo Iringa, uliza kama wanaotesha fangasi. Majibu ya kuotesha huchukua wiki mbili hadi nne, fangasi huyu huota taratibu. Usisubiri majibu ndipo uanze kutibu. Na mtu asikuambie atapima kwa taa ya zambarau akakuthibitishia kwamba si choa: fangasi anayewapata simbilisi mara nyingi, trikofitoni, hang'ai kwenye taa hiyo.

Haya, dawa. Tafuta krimu ya fangasi tupu, isiyochanganywa na kitu: klotrimazoli ya asilimia 1, au mikonazoli ya asilimia 2, au terbinafini ya asilimia 1. Zinapatikana duka la dawa za watu. Soma boksi mwenyewe, au mwambie muuzaji akusomee kila kiungo. Ukiona jina linaloishia na "soni", rudisha. Nunua tyubu mbili, ya wanyama na ya mtoto, zisichanganywe.

Kumpaka simbilisi kuna ufundi wake. Kaa kwenye kigoda, vaa glovu na shati la mikono mirefu ambalo litakuwa la kazi hiyo tu. Mfunge mnyama kwenye taulo dogo, kichwa nje, kama unavyomfunga mtoto mchanga, umpakate. Magamba yaliyolegea yafute taratibu kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, lakini gaga lililoshika usilibandue, utatoa damu na kufungua mlango wa bakteria. Usimnyoe kwa wembe. Mikwaruzo midogo ya wembe ni shamba jipya kwa fangasi. Kaushe, kisha paka krimu kiasi cha punje ya mahindi kwa baka la ukubwa wa sarafu. Anzia nje uingie ndani, na uvuke ukingo wa baka upana wa kidole, kwa sababu fangasi ameshatangulia mbele ya pale unapomwona. Baada ya hapo usimwachie. Mpakate dakika 10 hadi 15, mpe ukanda wa pilipili hoho ashughulike nao, ili dawa iingie kabla hajajilamba. Iliyobaki juu ya manyoya ifute. Fanya hivyo asubuhi na jioni. Anza na asiye na dalili nyingi, Chausiku awe wa mwisho.

Lile baka la Karanga karibu na jicho, tumia kijiti cha pamba na usifike kwenye kope. Likiwa limegusa kope zenyewe, hilo mwachie daktari.

Wiki ya kwanza unaweza kuona baka jipya likichomoza, usivunjike moyo, ni mbegu iliyokuwa imeshaingia. Dalili za kupona ni magamba kukoma, ukingo kuacha kutanuka, na vinyweleo vifupi laini kuanza kuota katikati ya upara. Na sasa sikiliza vizuri: vinyweleo vikiota, USIACHE. Endelea wiki mbili zaidi baada ya kuona ngozi imekuwa safi. Wanyama wote watatu wapone ndipo uhesabu umemaliza, hata yule ambaye baka lake lilikuwa dogo, maana simbilisi anaweza kubeba fangasi bila alama yoyote na akawarudishia wenzake.

Sijakutajia kuwaogesha. Huko Njombe mwezi wa saba, simbilisi aliyelowa ni simbilisi wa kupata kichomi, na kichomi kitamuua haraka kuliko choa. Shampuu za fangasi zipo na ni nzuri, ila ziwe kwa ushauri wa daktari, na siku yenye jua.

Chausiku nina wasiwasi naye kuliko wengine, kwa sababu yake ameenea. Choa kilichofika mgongoni mara nyingi huhitaji dawa ya kumeza, na dawa hizo hutolewa na daktari wa mifugo baada ya kupima uzito. Lakini ana mimba, na hapa kuna hatari: griseofulvini, ile dawa ya fangasi ya siku nyingi, huharibu watoto tumboni. Asipewe. Hata itrakonazoli haifai wakati wa mimba. Kwa sasa krimu tu, ushikaji wa taratibu, mkono mmoja chini ya makalio, asibanwe tumbo. Mimba ya simbilisi huchukua siku kama 59 hadi 72, kwa hiyo kama unasikia watoto wanacheza, hayuko mbali. Mtenge na dume, maana jike huweza kupandwa tena saa chache tu baada ya kuzaa, na mwili wake hauwezi kubeba kunyonyesha, mimba na ugonjwa kwa pamoja.

Mwanangu, ulipokataa zile sindano ulifanya jambo la maana kuliko unavyojua. Penisilini ni sumu kwa simbilisi. Sisemi kwamba wao ni wanyonge; ni kwamba tumbo lao linaishi kwa bakteria wema wanaosaga nyasi, penisilini inawaua hao, wabaya wanashika nafasi, mnyama anaharisha na kufa katika siku chache. Amoksisilini ni vile vile. Tena fangasi si bakteria, hata asingekufa asingepona choa. Lile neno liweke akilini kwa maisha yote ya wanyama hawa: mtu yeyote akitaka kumpa simbilisi wako penisilini, mwambie hapana. Ile ya pili, ya kuua wadudu, ni aivamektini. Inasaidia kweli kwa utitiri, lakini haiui fangasi, na ile ya mbuzi ni kali kiasi kwamba kipimo cha mnyama wa gramu 800 hakifiki hata tone moja. Kwa sindano ya mbuzi nani atapima hilo?

Maji ya betri ni asidi. Yanachoma ngozi, na kidonda chake kitakuwa kikubwa kuliko choa. Mheshimu jirani, lakini mlango wa jikoni umfungie. Kwa mama mkwe itabidi utumie busara, mwambie daktari amekataza: mafuta ya taa huunguza ngozi, na simbilisi akiyalamba yakamwingia mapafuni ndio mwisho. Vitunguu saumu vilivyopondwa, ndimu na yale mafuta ya mti wa chai yanayosifiwa mitandaoni, vyote waache. Kitu kikali hakimfukuzi fangasi upesi zaidi.

Tuje kwenye nyumba, ambayo ni nusu ya tiba. Lile sanduku la mbao alilochonga baba yao, najua limechongwa kwa upendo, lakini mbao iliyolowa mkojo haisafishiki. Fangasi anaingia kwenye nyufa. Kwa wiki hizi sita wahamishie kwenye mabeseni makubwa ya plastiki au kreti zinazooshwa, Chausiku na lake, mahali pakavu pasipo upepo, nje ya njia ya binti yako. Sanduku lisugue kwa sabuni, lianike juani siku nyingi, na kama mbao zimeanza kuoza lichome, baba achonge lingine. Pengine kazi hiyo itamrudisha upande wa mtoto.

Nyasi, maranda na maboksi ya kulalia yachomwe, usiyatie kwenye samadi ya bustani. Badilisha matandiko kila siku. Usifagie kavu, utapeperusha vijimbegu mpaka kwenye chungu. Nyunyiza maji kwanza au futa kwa kitambaa kibichi. Mara mbili kwa wiki, wanyama wakiwa nje ya mabeseni, osha kwa sabuni kwanza uchafu utoke, kisha mwagia jiki, sehemu moja ya jiki kwa sehemu tisa za maji, iliyochanganywa siku hiyo hiyo. Acha iloweke dakika 10, suuza, kausha juani mpaka harufu iishe ndipo uwarudishe. Usiruke ile sabuni, jiki ikikutana na uchafu hupoteza nguvu. Na usiichanganye na siki, ndimu wala dawa ya choo, hutoa gesi ya sumu. Kama sakafu ya jikoni ni ya udongo, chota tabaka la juu pale walipokuwa wanakaa, litupe mbali, uache pakauke.

Chakula nacho kinahusika. Simbilisi ni kama sisi binadamu, mwili wake hautengenezi vitamini C, lazima aile kila siku, na akiikosa ngozi na kinga vinadhoofika. Anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake, mwenye mimba zaidi. Kipande cha pera ni hazina, pilipili hoho pia, na majani mabichi ya kunde au sukuma wiki, juu ya nyasi ambazo ndizo chakula chenyewe. Nanyi wa Njombe niwaonye kwa jambo moja: parachichi. Naona mnavyolima, na maganda na majani hayaishi uani. Kwa simbilisi parachichi ni sumu, majani, ganda na tunda lenyewe. Kadhalika majani ya viazi mviringo na viazi vilivyogeuka kijani.

Sasa watoto. Wa miaka minane, kama madoa ni ya mkononi na shingoni tu, mpake krimu ya fangasi tupu mara mbili kwa siku, nayo ivuke ukingo wa doa, kwa wiki mbili hadi nne, na isikatishwe doa likififia. Mchunguze kichwani kwa mwanga wa dirishani, panua nywele kidole kwa kidole. Ukikuta duara lenye nywele zilizokatika, hayo ni mapunye, krimu haiyawezi, mpeleke kituo cha afya apewe dawa ya kumeza. Taulo lake liwe lake peke yake, shuka na nguo zifuliwe na kuanikwa juani. Kuwasalimia simbilisi wake asikatazwe, atafanya kwa siri. Aongee nao, awakatie majani, awapelekee pera, ila kuwapakata ni mpaka wapone, na mikono kwa sabuni kila akitoka. Mpe na kazi ya kuwa mwandishi wenu: kila Jumapili mpime kila mmoja kwenye mizani ya jikoni, yeye aandike kwenye daftari.

Binti wa miezi tisa asiwaguse kabisa wala asitambae kwenye kona ile. Akitokewa na doa lolote, usimpake kitu, nenda naye kliniki. Na kama nyumbani yupo mtu anayetumia dawa zinazoshusha kinga, au mwenye kisukari, au anayeishi na virusi vya UKIMWI, huyo asihusike na kazi ya kuwahudumia.

Mwite daktari wa mifugo bila kungoja ukiona haya: mnyama hajala kutwa nzima, uzito unashuka kwenye daftari, kidonda kinatoa usaha, anajikuna mpaka degedege, au wiki tatu za krimu zimepita na baka bado linatanuka. Simbilisi huficha ugonjwa. Siku anapojikunja kona na kukataa hoho, ameshaumwa muda.

Na siku ukinunua mwingine, hata awe mzuri namna gani, akae beseni lake, chumba kingine, wiki tatu hadi nne, na umtazame pua kila asubuhi.

Chausiku atakapozaa, watoto wake watatoka na manyoya yao na macho yamefunguka, na siku ile ile watakuwa wanakimbia. Mwanao atataka kuwabeba. Wadogo ndio wanaoshikwa na choa upesi kuliko wote, kwa hiyo wachukue wewe kwa glovu, mmoja mmoja, uwaangalie puani na kuzunguka macho kila siku mbili. Ukiona lile vumbi jeupe, si pumba. Niandikie tena siku hiyo, unitajie na majina atakayowapa.

Shangazi wako